Mbuzi Aliyegeuka Ampli

Dada yangu alipoolewa, mbuzi wa mahari walifika kwetu Butembo wakiwa wamefungwa kamba moja, na baba akanipa mmoja. Alikuwa jike mweupe mwenye sikio moja jeusi na tabia ya kutafuna kola za mashati. Katika ukoo wetu mbuzi wa namna hiyo hachinjwi wala hauzwi. Kijana anapewa kwa sababu dada yake ameondoka nyumbani, naye anamtunza mpaka siku yake mwenyewe ya kutoa mahari. Baba, ambaye alikuwa mshonaji nguo sokoni, alinikabidhi kamba mbele ya wageni akasema, "Huyu njo muke wako mwenye atakuya. Umuchunge."

Watu walicheka. Mimi niliangalia miguu yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kuangalia miguu ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote.

Wakati ule wa vita mbuzi hakuweza kukaa mjini. Wenye bunduki walibadilika, leo hawa na kesho wale, lakini wote walipenda mbuzi. Kwa hiyo baba aliniagiza nimpeleke wangu kwa shangazi, juu ya Lubero, kwenye baridi na majani mengi. Ni safari ya siku mbili kwa miguu ukiwa na mnyama. Nilitoka asubuhi na viazi vya kuchemsha mfukoni. Nilifika mwisho wa soko, basi.

Mwisho wa soko palikuwa na kibanda cha fundi wa redio. Tangu nilipomaliza shule ya msingi nilikuwa nashona vifungo kwa baba, na saa ya mapumziko nilikwenda kukaa kwa fundi huyo kwa sababu hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Nyumbani tulikuwa na redio-kaseti yenye spika moja iliyokohoa, na nilidhani muziki wote duniani unatoka katika tundu moja, kama maji ya bomba. Siku moja fundi alikuwa anajaribu bafle mbili kubwa, yaani masanduku ya spika, za bar fulani. Aliziweka huku na huku, akanikalisha katikati juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta, akafungua kaseti. Gita moja lilikaa kwenye bega langu la kushoto na lingine la kulia. Mwimbaji akaja kusimama mbele yangu kabisa, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa kalenda ukutani. Nilinyoosha mkono nikagusa kalenda.

"Hapana tafuta mutu," fundi akasema. "Hakuna mutu. Inaitwa stereo."

Tangu siku hiyo nilikuwa mgonjwa. Nilitaka kitu kile nyumbani kwetu, na sikuwa na njia.

Sasa asubuhi hiyo fundi alikuwa amekaa mlangoni na uso wa msiba, ingawa mke wake alikuwa amejifungua salama. Jumapili ilikuwa ubatizo wa mtoto, alikuwa amealika watu wa kanisa na wa soko, akawaahidi nyama. Mjini kote hapakuwa na mbuzi. Akainua macho, akaniona, kisha akaona nilichokuwa nakivuta.

"Kijana, iyo mbuzi iko naenda wapi?"

"Lubero. Kwa shangazi."

"Lubero mbali," akasema. "Baridi kule. Atakohoa." Akaingia ndani, akatoka na ampli, mashine ya kukuza sauti. Ilikuwa nyeusi, na vifungo vyake vilizunguka polepole kama mzee anayegeuza shingo. Ilikubali umeme wa jenereta na pia betri ya gari. Mwenye ampli hiyo alikuwa amevuka kwenda Uganda na kumwachia fundi iwe yake. "Hii, hapana kohoa hata siku moja."

Nilimwambia kwamba mbuzi huyo ni wa mahari. Akasema anajua, ndiyo maana ana afya. Nilimwambia baba ataniua. Akasema baba yangu ni mtu mwema, ataniua polepole. Tukaangaliana. Mbuzi alikuwa ameshaanza kutafuna kola ya fundi, na niliona kama amechagua mwenyewe.

Kwa kuwa safari ya Lubero ni siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, sikuweza kurudi nyumbani kabla ya siku nne. Nilizimaliza nyuma ya kibanda, nikilala kati ya redio zilizokufa na kujifunza kuunganisha waya. Jumapili nilikwenda kwenye ubatizo, nikajificha jikoni watu wa soko wasinione. Walinipa sahani. Nilikula kipande cha mke wangu wa baadaye, na sitadanganya, alikuwa mtamu.

Nilirudi na vumbi ambalo nilijipaka mwenyewe, nikamwambia baba kwamba shangazi anasalimia na mbuzi amefika vizuri. Kuhusu ampli nilisema ni kitu kibovu fundi alichonipa kwa kumsaidia kazi. Baba aliridhika. Na baada ya majuma machache barabara ya Lubero ilifungwa kwa sababu ya mapigano. Watu wote walisikitika, na mimi nilisikitika pamoja nao, lakini kwa shida.

Ampli peke yake haiimbi. Spika nilizipata kwenye ile bar, ambayo risasi zilikuwa zimeitembelea. Bafle zake zilivunjika, lakini ndani spika mbili zilikuwa nzima, isipokuwa karatasi ya moja ilikuwa na tundu la risasi. Nililiziba kwa noti ya zamani ya zaire, ile ambayo wakati huo haikununua hata kiberiti, na gundi ya unga wa muhogo. Noti ilikuwa imara kuliko serikali iliyoichapa. Waya nilizitoa kwenye laini ya simu ya zamani iliyokuwa imeanguka katika migomba, simu ambayo haikuwa imelia tangu nizaliwe. Mbao za libuyu, mti mgumu wa msituni, zilitoka Beni, mabaki ya seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa. Nilimshonea kaptula mbili, akanikatia masanduku mawili. Tulibishana kidogo kwa sababu alitaka kuweka mlango na kufuli.

"Sanduku bila mulango ni ya kuzika," alisema.

Ndani nilijaza sponji ya godoro kuukuu, kwa sababu fundi alisema sanduku tupu linaongea kama mtu aliyeweka kichwa kwenye pipa. Mbele nilifunika kwa kitambaa cheusi kilichobaki baba alipomshonea mchungaji joho. Kaseti ilichezwa na ile redio yetu ya kukohoa, baada ya fundi kuibadilishia kichwa cha kaseti kiwe cha pande mbili. Niliikata spika yake, nikavuta waya za pande zote mbili mpaka kwenye ampli, na kikohozi kikaisha.

Kila majuma mawili nilibeba betri ya gari kichwani mpaka kwenye mashine ya kusaga, ambako waliichaji huku watu wakisaga muhogo. Mama alitandika vitambaa vyake vya kufuma juu ya bafle na kuweka maua ya plastiki. Siku watu wenye bunduki walipoingia kupekua nyumba za mtaa wetu, waliona vikabati viwili vya mama mmoja mwenye kupenda maua. Walichukua kuku.

Siku bafle ya pili ilipokamilika niliweka kiti katikati, nikakaa, na mwimbaji akaja akasimama mbele ya picha ya Bikira Maria. Nilikuwa na furaha kubwa mno, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Wakati wa chakula baba aliuliza kama wale mama wanaobeba viazi kwa miguu kutoka Lubero kwa njia za porini wameleta habari ya mbuzi wangu.

"Ndiyo, papa. Alizala."

"Alizala! Ngapi?"

Niliangalia bafle zangu. "Mbili."

Baba aliacha ugali. Alimwambia mama, akawaambia majirani, akawaambia wateja wakati anawapima viuno. Mbuzi wangu akawa fahari ya sokoni. Wanawake wawili walianza kunisalimia kwa heshima, kwa ajili ya binti zao. Kila baada ya siku chache niliulizwa watoto ni wa rangi gani, wananyonya vizuri, wana pembe. Nilijibu yote. Ajabu ni kwamba mimi ambaye nilishindwa kumwambia muuzaji anirudishie chenji, nilimweleza baba yangu kwa utulivu kabisa jinsi mwanambuzi mmoja alivyo mkorofi.

Kisha barabara ikafunguliwa.

Shangazi alishuka juu ya lori la viazi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu katikati ya muziki alipoingia na gunia. Baba aliacha cherehani, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, aksanti sana ju ya ile mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Ya kijana. Ile ilizala mapacha."

Shangazi alinitazama. Nilipaswa kuzima muziki lakini sikuzima, kwa hiyo gita liliendelea kufurahi upande wa kushoto na wa kulia.

"Kwangu kuko kuku tu," shangazi akasema. "Na kwa zile kuku, hapana hata moja ilizala mapacha."

Baba aligeuka polepole. Alitazama ampli, akatazama maua ya plastiki, akanitazama mimi.

"Njo hii?"

"Njo iyo, papa."

"Na nyama?"

"Ya ubatizo. Kwa fundi."

"Weye pia ulikula?"

"Kidogo."

"Bwana Yesu!" shangazi akapiga makofi. "Alikula muke wake!" Akakaa juu ya gunia la viazi, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Baba hakucheka. Alisema kesho asubuhi vitu vyote virudi kwa fundi, naye fundi atafute mbuzi atakapomtafuta. Nilihisi kama mtu ananitoa sikio moja. Nilianza kuchomoa waya. Shangazi ndiye aliyesema, akifuta machozi.

"Irudi ju ya nini? Batu banaoa kila siku, vita ao hapana vita. Aende apige muziki ku ndoa, bamulipe mbuzi."

Baba aligonga mbao za bafle moja kwa kidole. Kisha akatoa hukumu. "Muzuri. Vinabakia. Lakini utarudisha mbuzi tatu: mama, na batoto yake mbili ile ulizalisha weye mwenyewe na kinywa. Kama ndoa ya kwanza inaharibika, vinarudi kwa fundi siku ileile."

Kwa kijana mwingine hiyo ingekuwa zawadi. Mimi ningependa kupigwa.

Ndoa ya kwanza ilikuwa siku ya kutoa mahari kwa jamaa fulani ya Waprotestanti karibu na njia ya Beni. Walitundika shitingi, turubai la kukinga jua. Jamaa ya mvulana ilikaa upande huu, jamaa ya msichana upande ule, zikitazamana, kama inavyotakiwa. Niliweka bafle zangu mbele, zikielekea katikati. Papo hapo wakaja wazee wawili, mmoja kutoka kila upande, wakasema kila jamaa ina haki ya bafle yake. Sikuweza kuwakatalia watu wazima. Waliichukua moja wakaielekeza kwao, na nyingine wakaielekeza kule, zikipeana mgongo.

Nilifungua kaseti ya kwaya ambayo mwenye nyumba alinipa. Ilikuwa imerekodiwa kanisani kwa mikro mbili, yaani vinasa sauti viwili. Mwimbaji kiongozi, mama mwenye sauti kali, alikuwa kwenye mikro moja. Kwaya ya kuitikia ilikuwa kwenye nyingine.

Upande wa msichana walianza kutikisa vichwa kwa raha. Upande wa mvulana walikaa kimya. Bafle yao ilinyamaza, kisha ikasema kwa nguvu, "Ndiyo, Bwana!" Ikanyamaza tena. "Ndiyo, Bwana!" Wakaangaliana. Shangazi wa bwana arusi, mwanamke mkubwa wa kutisha, akasimama.

"Weye wa muziki! Sisi tuko naitika nini?"

Niliangalia miguu yangu.

"Bale unabapatia mwimbaji. Sisi unatupatia kuitika tu. Tuko batumishi yabo? Tulileta mbuzi zetu, na tena tuseme ndiyo, ndiyo, ndiyo?"

Upande wa msichana mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuitika ni mazoezi mazuri kwa watu wanaoomba mke. Hapo wanaume watatu walisimama. Mbuzi wa mahari, waliofungwa nyuma, walianza kulia, na mzee mmoja akaagiza wafunguliwe warudi kwao. Nilimwona baba yangu nyuma ya umati. Alikuwa amekunja mikono, akiniangalia mimi wala si ugomvi.

Nilijaribu kueleza stereo. Nilisema, "Ni... huku na huku... ni namna moja..." na nikaishia hapo. Kisha nikapiga magoti mbele ya ampli. Kuna kifungo kidogo pembeni ambacho fundi alikuwa ameniambia nisikiguse kama nayapenda masikio yangu. Kilichanganya pande mbili kuwa moja. Nilikuwa nimemaliza karibu mwaka mzima, mbuzi mmoja na uongo usiohesabika kutafuta kushoto na kulia. Nilifunga macho nikakibonyeza.

Mama wa sauti kali akaimba pande zote mbili, kwaya ikamwitikia pande zote mbili, na yote yakatoka kama maji ya bomba.

"Aaa!" shangazi wa bwana arusi akasema, akakaa. "Sasa njo muziki. Ju ya nini ulikuwa naficha?"

Walicheza mpaka betri ikachoka. Mwenye nyumba alinipa mwanambuzi dume, mwembamba, mwenye macho ya mashaka. Baba alimfungua mdomo, akaangalia meno, akampapasa mbavu.

"Huyu ni moja ya wale mapacha," akasema bila kutabasamu. "Bado ndugu yake na mama yabo. Siku ya posho, hii Jumamosi, kuko ndoa ingine, Beni. Nilishaitika ju yako." Akabeba bafle moja begani na kuanza kutembea mbele yangu, akiimba ile sehemu ya kuitika.