Mtawa wa Mguu Mwembamba

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mswaki, nikadhani nafanyiwa mzaha. Ilikuwa miaka ya tisini, katika ghala moja kusini mwa London, nami nimetoka Pemba na cheti cha ualimu kisichonifaa kitu huku. Kazi yetu ilikuwa kuosha mifupa ya watawa wa zama za kati, iliyofukuliwa palipotaka kujengwa ofisi. Nyinyi wa leo mna mashine. Sisi tulikuwa na maji baridi matupu, mswaki laini, na trei moja kwa kila maiti. Sabuni marufuku.

Msimamizi wetu alikuwa mkali, lakini mwalimu hasa. Siku moja alinionyesha mfupa wa paja, mwembamba kama mwiko.

“Huyu kiwete tangu utotoni,” alisema. “Wazazi wengine waliwapeleka watoto kama hawa kwa watawa. Upadri walinyimwa, lakini walilelewa.”

“Walitupwa, au walitafutiwa pa kula?”

“Mifupa haisemi.”

Mdogo wangu Makame aliugua homa, mguu ukasinyaa. Wazee wetu walipofariki, mimi ndiye niliyempeleka Wete kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, amlee pamoja na wanafunzi wake. Mlangoni aliniuliza, “Kaka, utanijia lini?” Nikamwambia Ijumaa. Ijumaa hiyo nilikuwa Unguja, natafuta safari ya kuja huku, na sikurudi tena.

Trei ya mtawa yule ilipofika zamu yangu, yule mwalimu wa Wete alikuwa amenipigia simu jana yake. “Makame hatunaye, mwanangu. Tushamzika.”

Nilitia karafuu maiti katika maji, ile tunayowaoshea wafu wetu, niliyoinunua duka la Waislamu mtaa wa Tooting. Nikaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Harufu ikajaa ghala zima.

“Umetia nini humo?” msimamizi alifoka. “Maabara hawampokei tena! Wangeyapima meno yake, tukajua alikulia wapi!”

“Nimemwosha ndugu yangu,” nilisema, nikalia mbele ya watu.

Barua ya onyo niliipata, na nilistahili. Kazi ni kazi. Lakini msimamizi alisubiri nimalize kumkausha mtawa wangu ndipo akanipa.

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa kwa yale maji baridi. Mifupa haisemi, kweli. Mwalimu wa Wete ndiye aliyesema. Siku ile kwenye simu aliniambia kwamba, mpaka mwisho wake, Makame akitoka msikitini siku ya Ijumaa hakuivua kanzu yake, akikaa mlangoni hadi magharibi.