Mashine ya Shemeji, Pazia la Mama

Dada yangu alirudi nyumbani Kitale katikati ya likizo ya Agosti, amebeba begi moja na kitu kilichofungwa kwa leso. Nilikuwa darasa la saba, na adabu zangu zilikuwa chache, kwa hiyo niliuliza habari ya leso kabla ya kumuuliza habari yake.

"Ni mashine ya gemu ya shemeji yako," akasema. "Nimemwachia nyumba, nimembebea hii. Sasa tuone atafuata nini."

Walikuwa wameoana miaka miwili na kukaa Kabuchai. Shemeji alikuwa fundi wa mashine za kusaga mahindi, mtu mpole, hanywi, hapigi kelele. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, gemu ya kupigana iliyotengenezwa kutokana na katuni za Kijapani. Wapiganaji wake walikuwa na nywele zilizosimama wima, waliruka angani bila mabawa, na kabla ya kurusha moto walipiga mayowe marefu mpaka jirani angeuliza kuna nini. Dada alijifunza kuicheza ili akae karibu na mumewe. Alipigwa kila mara. Hata siku yake ya kuzaliwa alipigwa, tena mume akamwambia aongeze bidii. Na kila alipotaka kumweleza jambo, jibu lilikuwa moja: "Ngoja raundi iishe."

Siku aliyofunga begi alikuwa amemwambia kwamba paa linavuja juu ya kitanda chao. Mume akamwambia angoje raundi iishe. Dada alingoja raundi tatu, mvua ikimnyeshea godoro, kisha akachomoa waya mwenyewe.

Mama alilia kidogo. Baba, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya kilimo, alisema wanaume wa siku hizi wamekuwa watoto, halafu akauliza hicho kitu kinaunganishwaje na TV. Mimi sikulia. Ninaona aibu kuandika haya, lakini ni kweli: usiku ule nilipiga magoti nikamwomba Mungu ndoa ya dada ichelewe kupona, walau mpaka shule zifunguliwe.

Kila kitu kwenye ile gemu kiliandikwa Kijapani. Hatukujua neno hata moja, kwa hiyo tulikariri njia kama mtu anayekariri njia ya kwenda mtoni gizani. Chini mara mbili, kulia mara moja, bonyeza duara, pigana. Ukitoka kwenye njia hiyo, shauri yako.

Siku ya tatu nilitoka. Nilitaka kuona kuna nini upande wa kushoto. Kikatokea kisanduku chenye maneno mawili, nikachagua la kwanza kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Mashine ikalia ting. Niliporudi kwa wapiganaji, wengi hawakuwapo; nilikuwa nimewafuta. Shemeji alikuwa amewafungua mmoja mmoja kwa kushinda, miaka miwili, wakajaa kioo kizima cha TV, na sasa walibaki wanane wa kwanza, wale ambao hata mgeni hupewa bure. Nilikaa pale jasho likinitoka kwenye magoti. Sikujua kwamba magoti hutoa jasho.

Sikumwambia mtu.

Mama naye alianza kwa kuilaani. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na alisema watu wasiovaa mashati hawawezi kuwa na mafundisho yoyote. Lakini siku moja nilitoka kununua chumvi, na niliporudi nilipokewa mlangoni na harufu ya maharagwe yaliyoungua. Mama alikuwa sebuleni, kitambaa cha kichwa kimepinda, padi ya kuchezea gemu mkononi, akimtumia mpiganaji mmoja mnene mwenye kitambi.

"Nimemchagua huyu kwa sababu anaonekana amekula," akanieleza, bila kugeuka. "Toa hayo maharagwe jikoni. Na usimwambie baba yako."

Kufikia wiki ya pili alikuwa ananipiga kwenye gemu. Hakuwa na ufundi wowote. Alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, akisali kwa sauti ya chini, na yule mnene akawa anapaa, anapasuka moto, anakanyaga watu. Dada alikuwa akitutazama tu. Kila gari liliposimama nje aliinua kichwa, likiondoka anakishusha. Wakati huo ndipo nilipoanza kuonea haya sala yangu.

Shemeji alikuja Jumamosi mchana, pamoja na baba yake mdogo wa kumsemea, kama inavyotakiwa mtu akifuata mke aliyerudi kwao. Walileta sukari, unga na jogoo. Mama alikimbilia nyuma ya pazia la mlango wa vyumbani. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi. Kwa hiyo mama aliamkia wageni akiwa nyuma ya pazia, na shemeji akaitikia akiitazama kalenda ukutani.

"Mumefuata nini?" baba akauliza, ingawa sote tulijua.

"Mutoto wetu amefuata bibi yake," akasema mzee, huku macho yake yakimfuata jogoo wake akipelekwa jikoni. "Ati walikosana juu ya vitu ya umeme. Hiyo ni maneno ya kuongea, tuimalize."

Dada alikuwa kwenye kigoda karibu na TV. Hakumwamkia mumewe. Alinyoosha mkono akaiwasha mashine, akarudi kukaa.

Nilielewa kwamba anampima, na nadhani shemeji hakuelewa. Macho yake yalikwenda kwenye kioo. Aliona wapiganaji wanane. Akasogea, akainama, akahesabu kwa kidole.

"Nani amefanya hii?" akaniuliza polepole.

Nikasema, "Ni mama."

Mungu anisamehe. Lilinitoka kwa sababu ya hesabu rahisi: katika nyumba ile nzima, mama ndiye mtu pekee ambaye shemeji hangeweza kumfokea. Alifungua mdomo, akalitazama pazia, akaufunga. Akakaa chini kama mtu aliyemeza ugali wa moto mbele ya wageni.

Pazia likakohoa.

"Mwambieni mkwe," mama akasema, "kabla hajabeba hiyo mashine, huku kuna mtu anataka kumwonyesha kitu."

Baba akashika kichwa. Ndipo likaja swali ambalo sidhani limewahi kuulizwa kwingine. Mkwe anaruhusiwa kumpiga mama mkwe kwenye gemu? Wote tukamgeukia mzee. Alifikiri sana.

"Kumugusa ni mbaya," akasema. "Lakini hiyo ni moto inarushwa kutoka mbali, bana. Si kugusa. Na hawaonani. Wacheze tu."

Tukaisogeza TV mpaka ukutani, pale pazia lilipoishia, kila mmoja akaona kioo kutoka upande wake. Waya wa padi ya mama ukapita chini ya pazia. Mama akamchukua mnene wake. Shemeji akachagua kijana mwembamba mwenye nywele nyekundu, na mara vidole vyake vilipogusa padi alibadilika. Mgongo ulinyooka. Yule mwembamba aliteleza huku na huku, akazuia, akapaa, na uhai wa mnene ukaanza kupungua. Nyuma ya pazia nilisikia sala zikiongeza kasi. Mzee alisahau kuuliza habari ya jogoo.

Nilimtazama dada. Uso wake ulikuwa umejifunga kabisa. Nilijua anachokiona: mgongo uleule alioutazama miaka miwili. Kijana wa nywele nyekundu akaanza mayowe yake marefu, moto ukijikusanya mikononi. Kitufe kimoja tu kilibaki.

Dada akasema, si kwa sauti kubwa, "Paa bado linavuja?"

Shemeji akaweka padi chini.

Hakuitupa. Aliiweka kwenye zulia, akageuka mzima mzima, akaipa TV mgongo. "Nilipanda juu siku uliyoondoka," akamwambia. "Kwa mvua ileile. Nimebadilisha bati mbili, na godoro nimelianika. Lakini bado linanuka. Nalala kwa kiti."

Nyuma yake mnene alikuwa amepata nafasi ya maisha yake. Alimpiga kijana wa watu aliyesimama mikono wazi, akamkanyaga, akamrusha kwenye mlima. Pazia lilitikisika kwa vigelegele. Baba akapiga makofi. Mzee alitikisa kichwa kwa furaha, akisema mnaona, huyu mutoto anajua heshima, ameacha mama ashinde. Shemeji na dada hawakusikia lolote kati ya hayo. Walikuwa wanazungumza habari ya godoro.

Dada alikwenda kuchukua begi kabla jogoo hajaiva. Mashine aliiacha. "Ni ya mama," alisema. "Si ameshinda." Mashine ilikuwa imebaki kwetu kama nilivyotaka, lakini kwenye geti nilimwambia shemeji ukweli kuhusu wale wapiganaji. Alinishika kichwa, akakitikisa kidogo.

"Nilijua," akasema. "Mama hawezi kuhangaika na menyu za gemu."

Mama anazeeka sasa, na bado huwasimulia wageni jinsi alivyompiga bingwa wa Kabuchai akiwa nyuma ya pazia. Shemeji akiwapo, hutuma mjumbe amwambie mama kwamba hajawahi kuona mtu hatari kama yeye. Hajawahi kuomba mchezo wa marudiano. Na dada akianza kusema jambo, hata kama ni la chumvi tu, shemeji huwa anageuka mzima mzima.