Kuku wa Mama

Miaka ya sabini nilifanya kazi kwenye studio ya picha pale Mlandege, mjini Iringa, na studio yetu ilijulikana kwa kukata watu. Niliacha shule darasa la sita mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia, nikabaki na wadogo zangu watatu. Fundi alinichukua kwa sababu mkono wangu haukutetemeka kwenye wembe. Mteja akitaka uso wake ndani ya kopa, ndani ya nyota, au ndani ya chungu kama mchumba mmoja alivyoomba, mimi ndiye niliyekata. Picha ya pembe nne waliiona ya kitambulisho tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unamkata mtu kufuata ukingo wa nywele na mabega, unasugua nyuma kwa msasa mpaka karatasi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, unamlaza juu ya picha nyingine, kisha fundi anayapiga yote pamoja kwa kamera yawe picha moja. Ukitoboa tundu, kilicho nyuma kinaonekana. Hapo ndipo nilipoponzwa.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa Iyunga, kule Mbeya. Mama hamkumbuki kabisa. Alitaka kitu kimoja: picha ya mama ikae kwenye meza ya maharusi. Tulikuwa na moja tu, iliyopigwa kwenye harusi ya jirani, mama amemkumbatia kuku wa kumtunza bibi harusi. Shangazi akaitazama, akaguna.

"Wakwe watasema tumetoka sokoni. Mtoe huyo kuku."

Nikamtoa. Nilikata asubuhi nzima, na kuku akatoka mzima, pamoja na vidole vyote vya mama vilivyomshika. Mama akabaki na tundu lenye umbo la kuku.

"Hilo dogo," fundi akasema, akaleta boksi la mabaki ya wateja. Tukaweka redio nyuma ya tundu. Mama akawa na redio yenye mkia na mdomo. Tukaweka maua, akawa amebeba kuku wa maua. Mwishowe tukapata gauni la mtu linalofanana na lake, tundu likazibika vizuri, mikono yake ukadhani ameificha nyuma.

Mdogo wangu alipokuja, aliipeleka dirishani penye mwanga.

"Dada, mama anacheka nini?"

Nikatazama. Mama alikuwa ameinamisha uso, akilitazama tumbo lake na kulicheka. Macho yale, na lile jino la pembeni, vyote vilikuwa kwa ajili ya kuku.

"Huyu simjui," akasema. "Mrudishie kuku wake."

Kwenye boksi kuku hakuwemo. Chini ya meza hakuwepo. Fundi akapiga magoti kumtafuta, na hapo nikamwona: amenata kwa gundi kwenye soli ya kiatu chake. Fundi alikuwa amekwenda naye msalani, kwa kinyozi, na kurudi.

"Fundi, usikanyage!"

"Binti, nisimame mguu mmoja kwa ajili ya kuku?"

"Ana vidole vya mama."

Akainuka taratibu, akashika ukuta, akaninyooshea kiatu nyuma kama farasi anayepigiliwa chuma kwatoni, mpaka nikambandua. Kuku alipoteza mguu. Vidole vilikuwa vyote. Nikamrudisha, lakini hakukaa kama mwanzo: zamani alitazama pembeni, sasa alimtazama mama usoni.

Iyunga tuliiweka mezani hivyo hivyo. Mama mmoja wa upande wa wakwe alitangaza zawadi, watu wakipita mmoja mmoja na kuku wao mkononi, bibi harusi akipokea kwa goti. Walipokwisha, yule mama akainamia picha, akaikagua. Shangazi akafumba macho.

"Na mama mzazi," akatangaza, "kuku mmoja!"

Vigelegele vikapasua turubai. Mdogo wangu akapiga goti mbele ya picha, akanyoosha mikono miwili, akapokea. Aliyemaliza vigelegele mwisho, peke yake, wenzake wote wamekwisha kunyamaza, alikuwa shangazi.