Maji ya Klabu ya Mazingira

Wewe ungekubali mwanao achote maji ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, aende kumwagilia mche wa shule? Mwalimu Godlisten aliagiza jambo hilohilo, ila hakujisumbua kujua maji yanatoka wapi.

Alifika kijiji cha Bashay kutoka Kilimanjaro, kijana mwenye moto. Alikuta somo la mabadiliko ya tabianchi limebaki ubaoni: watoto wanakariri gesijoto na barafu ya nchi wasizozijua, halafu wanatoka nje kwenye vumbi la shamba lililokosa mvua. Akasema hapana, watajifunza kwa mikono. Akaanzisha Klabu ya Mazingira, wakapanda miche nyuma ya madarasa. Kiangazi kilipokaza na bomba la shule kukauka, akatoa amri: kila mtoto aje na kidumu cha maji kutoka nyumbani, na asiye nacho apige magoti paredini. Wageni wa wilaya walikuwa njiani kuja kuiona bustani. Isingefaa waikute imenyauka.

Fabiola wa darasa la sita, aliyeuliza maswali kuliko wenzake wote, alikuja mikono mitupu, akapigishwa magoti. Aliporudia, Godlisten akampandishia sauti mbele ya shule nzima.

"Si wewe bingwa wa tabianchi? Kumbe bingwa wa mdomo! Rudi nyumbani, nisikuone hapa bila maji."

Watoto wakaangua kicheko. Tangu hapo Fabiola alileta kidumu kimejaa kila asubuhi, na Godlisten alimsifu. Kisha akaacha kabisa kuja shule.

Jioni moja mwalimu alikwenda kwao. Alimkuta baba yake, Sulle, ameketi kando ya zizi tupu.

"Fabiola anaumwa, mzee?"

"Haumwi. Kesho anakwenda Nangwa kwa shangazi yake, akalee mtoto. Shule basi."

"Mzee, huyu mtoto ana akili sana!"

"Akili ya kuiba maji?" Sulle alicheka bila furaha. "Hapo zizini alikuwepo ng'ombe. Siyo wangu, aliniwekea rafiki yangu Baltazar wa Tumati."

Godlisten alikwisha kuijua desturi hiyo. Mwenye ng'ombe wengi humweka mmoja kwa mtu anayemwamini. Mtunzaji hunywa maziwa, na akitunza vizuri, siku moja hupewa ndama awe wake. Kwa Sulle, ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa maziwa ya watoto na heshima yake kwa watu.

"Maji nayafuata mbali na punda," Sulle aliendelea. "Namtengea ng'ombe yake, naenda shamba. Kumbe huku nyuma yanapungua. Baltazar amekuja kumwangalia, amekuta maziwa yamekatika na ndama amekonda. Amewaswaga wote wawili, hata chai hakunywa. Sasa binti anasema ni ninyi mliomtuma. Nikamwambia, mwalimu msomi hawezi kumtuma mtoto kitu kama hicho. Au ulimtuma?"

Fabiola alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama mwalimu wake.

Godlisten aliwafikiria wageni wa wilaya. Aliwaza mwalimu mkuu atasema nini.

"Maji huwa tunachangia kwa hiari, mzee," alisema.

"Umesikia?" Sulle alimgeukia binti yake. Fabiola akaingia ndani.

Mwalimu alirudi na njia yake. Kila wiki aliwaambia watoto kwamba ukame huu wanaulipia watu ambao hawakuichafua hewa. Alilisema kwa hasira, akigonga meza, na watoto walimwamini. Sasa yeye amekosea, na anayelipa ni mtoto wa darasa la sita. Tena amemwita mwongo mbele ya baba yake! Hasira yote aliyozoea kuwarushia matajiri wa mbali haikuwa na pengine pa kwenda ila kwake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata hakwenda paredini. Alikimbilia barabarani, akamkuta Sulle na binti yake. Lori la vitunguu saumu lilikuwa limesimama, utingo anapiga kelele, na Fabiola ameshapanda juu ya magunia, amekumbatia mfuko wa nguo zake.

"Mzee Sulle, jana nilikudanganya," Godlisten alisema, akihema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimfukuza asirudi bila maji. Leo hii nakwenda kwa Baltazar kumwambia mwenyewe."

Sulle akainua mikono yote miwili kuelekea kwenye magunia.

"Shuka, mama," alimwambia binti yake. "Shuka twende nyumbani ukavae sare."

Fabiola alishuka. Alishika mkono wa baba yake, akapita karibu kabisa na mwalimu wake, na hakumwamkia. Sulle naye hakumkumbusha.