Maji ya Sabuni Chini ya Godoro

Wifi yangu amefua nguo za watu miaka thelathini na mmoja. Mikono yake imekuwa migumu kama soli, lakini vidole hivyo vinayajua maji kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mgongo ndio uliomwachisha kazi. Akikaa kitako saa moja, kuinuka ni mpaka ashikwe.

Kwa ajili ya mgongo huo, mumewe alinunua basi kuukuu, akang'oa viti, akaligeuza nyumba ya kusafiria. Sinki na jiko mbele karibu na mlango, kitanda nyuma kabisa. Mumewe ni dereva mstaafu, tunamwita Breki, maana hata kuku akiwa ng'ambo ya barabara yeye anasimamisha gari ampishe. Binti yao alikuwa amejifungua mjukuu wao wa kwanza, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu. Wifi angesafiri amelala. Siku ikapangwa: Jumamosi asubuhi.

Wiki mbili kabla, wakawa wanalala na kupika ndani ya basi hapo hapo uani, kujizoeza. Ndipo godoro likaanza kulowa. Kona ile ile ya nyuma. Manyunyu ya usiku yalikuwa yameanza, Breki akaziba paa, likalowa. Akaziba tena, likalowa.

Ijumaa nikawapelekea shuka. Nikamkuta Breki juu ya paa na kopo la gundi, anapaka kama anapamba keki.

“Shemeji, paa limenishinda hili,” akasema. “Gundi mpya inataka siku nne kukauka. Na wiki ijayo mvua kubwa zinaanza, barabara ile haipitiki. Safari tungoje mvua ziishe.”

“Mvua ziishe?” Wifi akatoa kichwa dirishani. “Mpaka hapo mtoto atakuwa anakimbia! Nimkute ana ndevu?”

Alicheka, lakini niliona macho yake. Akarudi ndani, akapiga magoti kwa shida, akaingiza mkono chini ya godoro. Akasugua vidole, akanusa. Akasugua tena. Mara akaita kwa sauti iliyonishtua:

“Baba nanihii! Tangu lini mvua ikaoga kwa sabuni?”

“Unasemaje?”

“Maji haya yanateleza. Ni ya vyombo. Shuka huko, paa lako halina kosa!”

Nikapanda ndani mbio, utadhani safari ni yangu. Sinki liko mbele, godoro liko nyuma. Maji yafikeje huko? Breki akatuambia tunaota, akaendelea kupaka.

Wifi akanituma nilete buluu yake, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Akaikoroga kwa mkono kwenye ndoo mpaka maji yakawa kama wino. Nikachana shuka kuukuu vipande, tukavitandika sakafuni kufuata ukuta, kutoka sinki mpaka kitandani. Nikamwaga maji ya buluu kwenye sinki, taratibu, huku namwomba Mungu kimya kimya. Tukangoja. Vitambaa vyeupe pe.

“Vipi, mabibi?” Breki akauliza kutoka juu. “Buluu imesema nini?”

Wifi akakiokota kizibo cha sinki. Alikuwa anafikiri. “Wifi, mimi sioshi vyombo namna hiyo. Mimi naziba, najaza sinki zima, kisha nang'oa kizibo kwa mpigo.”

Tukajaza. Akang'oa. Maji yakashuka kwa kishindo, sinki likakoroma kama mzee aliyelala. Na hapo, jamani, kwenye kitambaa cha kwanza pembeni ya ukuta, likatokea doa la buluu dogo kama punje ya mtama. Likawa kama sarafu. Kitambaa cha pili! Cha tatu! Maji yalikuwa yanakimbilia nyuma, kwa sababu ua wao una mteremko na basi lilikuwa limeinua pua.

Nilipiga kigelegele bila kujijua, Mungu anisamehe, majirani wakadhani kuna arusi. Breki akashuka ngazi mbio, gundi mpaka masikioni. Akafungua ubao wa chini ya sinki, akaingiza kichwa na tochi. Kiungo cha bomba kilikuwa kinachuruzika buluu.

“Hapa pamekosa mpira,” akasema polepole. “Kile kipete cheusi cha kubana maji.”

“Kilikwenda wapi?”

Akatoa kichwa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za basi. Zilikuwa zinaning'inia kwenye kipete cheusi cha mpira.

“Nilidhani ni cha ziada,” akasema.

Wifi alicheka mpaka akashika mgongo. “Wiki mbili unapanda paa, na dawa unayo mfukoni!”

Kipete kikarudi mahali pake. Tukajaza sinki, tukang'oa. Tukajaza, tukang'oa. Mara tano. Vitambaa vipya vikabaki vikavu, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Godoro tukalianika, jua likalikausha kabla ya alasiri.

Jumamosi asubuhi wakaondoka, mwendo wa Breki, pole pole. Wifi alikuwa amelala kitandani, kichwa kwenye dirisha la nyuma, ananipungia mkono. Alikuwa ameusugua kwa limau na kwa mchanga, lakini wapi, vidole vilikuwa buluu tupu.

“Mjukuu ataniogopa!” akapiga kelele.

“Atakuzoea!” nikamjibu, nikikimbia nyuma ya basi kama msichana.