Jembe la Wakwe Liko Kizingitini Kwangu

Aliyetuletea habari hii tunamjua, lakini ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumemkubalia. Mnaosoma na mnaosomewa, msikilizeni.

Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, Mluguru na Mwislamu. Nina mke na mtoto mmoja wa kike ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea. Nafanya kazi stesheni ya Kingolwira tangu reli ya Wadachi ilipofika huku. Mke wangu anakaa mlimani kwao, na kwa msiotujua Waluguru niseme mapema: kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume hulima shamba la ukoo wa mkewe, na mtoto ni wao. Nikiachika leo, nashuka mlimani na kanzu yangu tu.

Bwana stesheni ameniambia nichague kazi moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kulinda njia: nakagua reli kabla gari la moshi halijapita, basi. Siku nyingi za juma zinabaki zangu, napanda kwangu, nalima, nalala. Ya pili ni simu ya waya, huko stesheni ya Morogoro mjini. Hiyo ni kukaa na mtambo tangu alfajiri, unasikiliza mapigo na kuyageuza maneno, na hakuna cha Ijumaa wala Idi. Wenzangu wawili walioanza kujifunza nami walikimbia. Mshahara karibu ni uleule, kwa hiyo tafadhali msinijibu kwa habari ya rupia. Wala msiniambie nimshushe mke wangu mjini. Shamba liko mikononi mwake, akiondoka anapewa mwingine.

Kila mtu anasema nichukue kulinda njia. Hata mama yangu mzazi kaniuliza, "Mwanangu, Mdachi mwenyewe kakupa kupumzika, unataka nini tena?" Ukweli wenyewe unanitia haya. Kupumzika mimi sikuwezi. Mwaka jana nilishikwa na homa nikakaa kwangu muda mrefu. Nilipopata nafuu mke wangu alifurahi, akanipikia, akanisogezea mtoto. Nami nimekaa pale kama mgeni anayengoja kuaga. Vidole vinagonga chungu, vinagonga mlango, mpaka siku moja mtoto akalia, nikamfokea anyamaze nisikie. Nisikie nini, na mtambo uko huku bondeni? Mke wangu alimbeba mtoto akatoka nje.

Sasa sikieni lililoniponza. Mvua hizi za masika zilipokaribia nilimwahidi mke wangu kwamba zikianza tu napanda, maana shamba lilikuwa bado halijatifuliwa. Zikaanza. Asubuhi nafunga mzigo wangu, yule karani wa simu anayenifundisha, mtu wa pwani, akaangushwa na homa. Akaniita, "Nishikie mtambo kidogo, mdogo wangu, sioni mbele." Sikuwa nimekaa sawasawa, mapigo yakaanza. Gari limetoka Ngerengere, na limetoka kabla ya saa yake. Nikatazama nje. Vibarua wa njia walikuwa wameshapandisha kitoroli chao relini, wanakwenda upande uleule linakotokea gari.

Nilitoka mbio nikipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Walinisikia wakiwa wameanza kusukuma. Walikitoa kile kitoroli relini, na haukupita muda gari likapita mbele yetu. Niwaambie kweli, kwa kuwa jina langu limefichwa: siku ile nilikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi yangu sikuipata. Na mlima niliusahau. Nilikuja kuukumbuka kesho yake, na karani alikuwa bado kalala, nikabaki kumshikia mpaka alipopona.

Kumbe mke wangu alinisubiri, akaona mvua hazimngoji mtu, akashika jembe mwenyewe. Mashamba yetu yako kwenye miteremko mikali. Aliteleza na mtoto mgongoni, akaporomoka mpaka akazuiwa na migomba. Mtoto alipasuka paji la uso. Mungu kamwokoa, lakini kovu litabaki. Kaka za mke wangu ndio waliomalizia kulima.

Juzi shemeji yangu mkubwa akashuka mpaka nyumba ninayolala hapa stesheni, mke wangu nyuma yake. Ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia sauti, na hata juzi hakuiinua. Alikuwa na jembe lile nililopewa siku nilipoingia kwao.

"Shemeji, shamba letu halilimwi kwa waya," alisema. "Mndewa, mkubwa wa ukoo wetu, kasema hivi. Jembe hili ukilipandisha mwenyewe, wewe bado ni wetu. Ukilituma kwa mkono wa mtu, tumekuelewa, wala hatutagombana."

Akalilaza kizingitini, akaenda kukaa pembeni. Nikamgeukia mke wangu nikamwambia, "Sema wewe. Ukisema nije, nakuja."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. "Nikisema njoo, nitakaa na mtu anayegonga chungu changu. Nikisema nenda, mwanangu atakapokua ataambiwa mimi ndiye niliyemfukuza baba yake. Usinitwike mimi mzigo wako, baba. Ila ukija, uje wewe mzima, usiniletee mwili mtupu."

Waliondoka. Bwana stesheni anataka jibu kabla mvua hazijakatika, na mvua zimeanza kupungua. Jembe lipo palepale, nalivuka kila asubuhi nikienda kazini, na bado sijaligusa. Ndugu zangu, wenye wake na wenye kazi, nishaurini: nilipandishe mwenyewe, au nilitume?