Nsimire na Wageni Waliolipa Kulima

Kwa miaka kumi na miwili Nsimire alilima kitu kimoja tu: shu, yaani kabichi. Shamba lake lilikuwa nyuma ya Mugunga, pembezoni mwa mji wa Goma, kipande cheusi chenye mawe ya volkano, na kila shu iliyoota pale ilikuwa imepigania nafasi yake. Mume wake Murhula, karani wa depo moja ya simenti, alipenda kusema kwamba mke wake anajua kitu kimoja, lakini anakijua sana. Nsimire hakucheka. Wiki ambayo shu zilikomaa kwake zilikomaa kwa kila mtu, na chukudu zote, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ziliteremka soko la Birere na mzigo uleule.

Kisha vita vikapanda tena milima ya Masisi. Barabara ya Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani, na kambi ikaota jirani na shamba. Wa kwanza kubisha kwa Nsimire alikuwa muzee mmoja aliyeitwa Harelimana. Alikuwa ametembea siku nne na ng'ombe mmoja, ndama na sufuria. Hakuomba chakula. Alizunguka shamba, akatazama rundo la majani ya shu yaliyotupwa, akasema, "Mama, wewe uko na majani, mimi niko na ngombe. Tunangoja nini?"

Nsimire alizaliwa Walungu, kwa watu wanaopenda ng'ombe kuliko wakwe zao. Hakungoja. Ng'ombe akafungwa nyuma ya jiko, mbolea yake ikaingia kwenye mashimo kati ya mawe, na upande ule ambao shu ilikuwa imeukataa ukaota vitunguu, karoti na marakuja, yale matunda ya pasheni. Harelimana, ambaye kwao alikuwa fundi wa jibini, fromaji kama wanavyoiita Goma, akaanza kugandisha maziwa kwenye sufuria yake. Mwaka ule shu zilioza kwa mvua, na kwa mara ya kwanza nyumba ile haikulia.

Siku moja mwanamke wa shirika la misaada, Clotilde, aliyekuwa akiandikisha watu kambini, akaonja ile fromaji. Jumamosi akarudi na wenzake watano. Mbuga ya Virunga ilikuwa imefungiwa wageni kwa sababu ya vita. Hawakuwa na volkano ya kupanda wala sokwe wa kutazama, na walikuwa wamechoka kukaa nyuma ya kuta zao. Wakaomba kumpiga ng'ombe picha. Mmoja akauliza, kwa haya, kama anaweza kujaribu jembe.

Nsimire akamtazama usoni aone kama ni utani. Haukuwa utani. Akampa jembe, na mstari mrefu kuliko yote.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na kanuni. Mgeni analipa, anapalilia mstari mmoja, ndipo anakula viazi na vitunguu na fromaji, halafu anaandika jina lake kwenye daftari. Wageni waliipenda sana palizi. Murhula alijificha chumbani kwa aibu, akimwonya mkewe kwamba siku watakapogundua watadai walipwe wao.

"Wagundue nini?" Nsimire alimuuliza. "Jembe wanashika wenyewe."

Ndipo akaja komanda. Mji ulikuwa umebadilisha watawala juma lile, na mashamba ya kando ya barabara yalikuwa yakitembelewa na watu wenye bunduki. Huyu alikuja na askari wanne na kamba. Hakuna aliyehitaji kuuliza kamba ilikuwa ya nini. Harelimana alimshika ndama sikio.

Nsimire naye aliogopa. Lakini mdomo wake ulishazoea wageni, ukaanza wenyewe. Akamkaribisha. Akamweleza kanuni ya nyumba. Akafungua daftari, akamwonyesha majina: daktari wa Ubelgiji, wakubwa wa mashirika, padri.

"Hata hawa bakubwa balilima, komanda. Lakini kama hii kazi ni nguvu kwako, acha tu."

Askari mmoja akakohoa ili asicheke. Komanda akavua koti. Kusema kweli alilima vizuri. Alikuwa mutoto wa mkulima, na alipofika mwisho wa mstari uso wake ulikuwa umelegea. Akala sahani mbili. Akaandika jina lake, cheo chake na tarehe, kwa herufi kubwa, chini ya jina la daktari.

Alipoinuka na kuitazama kamba, Nsimire akalikumbatia daftari.

"Jumamosi wageni wanarudi," alisema polepole. "Wanapenda kusoma nani alikuja mbele yao. Wakikosa ngombe, wataniuliza aliyekuja mwisho ni nani. Nitawaambia nini?"

Komanda akawaashiria askari waikunje kamba. Kisha akasema shu zingetosha. Alipewa sita, nne zikiwa na wadudu.

Masisi ilipotulia kidogo, Harelimana alikwenda kutazama kilima chake, akakaa wiki tatu, akarudi. Alisema usalama haujatosha. Nsimire anaamini alikumbuka jinsi wageni walivyoisifu fromaji yake. Kambi zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu hapo, na kila wimbi la watu Nsimire huliendea mapema, akiuliza nani anajua nini. Hivyo ndivyo alivyopata mtu wa nyuki, na mwingine wa uyoga. Murhula ameacha depo. Siku hizi yeye ndiye anayewatembeza wageni kati ya mawe, akiwaeleza kwa Kifaransa safi jinsi wazo lote lilivyokuwa lake.